Mhudumu wa Chumba cha Maiti Naye Ni Mfanyakazi

Yuko mfanyakazi mmoja ambaye sote humhitaji na wachache tu humkumbuka. Ndugu akifia Dar es Salaam, na wazee wakaamua azikwe Bukoba, Moshi au Mbeya, huyu ndiye aitiaye maiti dawa ili isiharibike njiani. Sisi husimama nje na jeneza letu, tukimharakisha. Yeye yumo ndani, mikono katika damu ya mtu ambaye mara nyingi hakuambiwa amekufa kwa maradhi gani.

Hapo ndipo lilipo kosa, nasi hatuna budi kulisema wazi. Kazi hiyo si kuosha tu na kupaka manukato. Mhudumu hupasua mshipa wa shingo au wa nyonga, akaingiza dawa ya fomalini, na damu ikatokea katika mshipa mwingine. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi siku 7 katika damu iliyokauka juu ya meza. Aliyekufa kwa kifua kikuu hapumui tena, lakini maiti yake ikigeuzwa, hewa iliyobaki mapafuni hutoka. Hii si hadithi. Mwaka 2000 waganga wa Marekani walitangaza habari ya mtia dawa maiti wa huko Maryland aliyeambukizwa kifua kikuu na maiti aliyoihudumia.

Wako wasemao kuwa fomalini huua kila kijidudu. Huua vingi, ni kweli, lakini si kwa dakika moja, na hatari iliyo kubwa hutangulia kabla dawa haijaenea mwilini. Tena dawa hiyo yenyewe ni sumu, nayo imehesabiwa na wataalamu wa dunia miongoni mwa vitu viletavyo saratani. Chumba kisichopitisha hewa humdhuru mhudumu hata kama maiti haina ugonjwa wowote.

Basi apewe glavu jozi mbili, aproni isiyopenya maji, buti, miwani, na barakoa ya kuzuia kifua kikuu, si kitambaa cha kufunga puani. Kinywa na pua za maiti zifunikwe kwa kitambaa chenye dawa kabla haijanyanyuliwa. Damu ipite katika mpira mpaka bombani isirukeruke, na sindano iliyotumika isirudishiwe kifuniko. Achanjwe homa ya ini, dozi zote, kabla hajashika kazi. Haya si hisani ya mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai amlinde mtu wake.

Lakini yapo maradhi ambayo hata vifaa hivyo havihalalishi kazi hiyo. Mkoani Kagera, mwaka 2023, watu 9 walipatwa na Marburg na 6 wakafa. Mwaka 2025, wilayani Biharamulo, waliothibitishwa au kudhaniwa kuugua walikuwa 10, nao wote walikufa. Maiti ya Marburg au ya Ebola haipasuliwi, haioshwi, wala haitiwi dawa. Hutiwa katika mfuko usiovuja na kuzikwa upesi na watu waliofundishwa, jamaa wakisali kwa mbali. Ni uchungu, nasi hatuubezi. Hata hivyo, jamaa anayemtilia mhudumu fedha mfukoni ili afumbe macho anamwombea kifo mwenziwe.

Waganga wengine hujitetea kwa siri ya mgonjwa. Siri hiyo tunaiheshimu. Lakini hatudai jina la ugonjwa litangazwe mlangoni. Twadai kikaratasi kifungwe kwenye maiti tangu wodini, kiseme tu kama hatari imo katika damu, katika hewa, au kama mfuko usifunguliwe kabisa. Daktari aliyetia sahihi cheti cha kifo anayajua hayo, na kuyaandika hakumchukui hata dakika moja.