Golf: Mbwa asiachiwe njaa na hofu siku ya Bonane

Kila Noeli na Bonane, fataki zikilia mtaani Golf, Lubumbashi, mbwa hushtuka na kutoroka lupangoni. Mwenye mbwa amesafiri. Zamu ameachiwa ufunguo bila pesa ya chakula. Mtoto aliyehamia juzi kwa sababu ya vita hajui ni lupango gani lenye mbwa mkali. Anayeumwa ni yeye.

Anayelipa zamu hashindwi kulipa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usiku wa fataki mbwa afungiwe ndani, awe na maji na chakula. Akitembezwa, awe na kamba shingoni.

Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo kutafuta chanjo. Dalili za kichaa zikianza, hakuna dawa.