Dawati Halifukii Shimo



Nianze na mazishi. Miaka kadhaa iliyopita nilimzika kijana aliyefunikwa na udongo ndani ya shimo la madini. Shimo hilo hakulichimba yeye. Lilichimbwa na watu waliokwisha kuondoka, wakaliacha wazi bila uzio wala alama, naye akaingia kuokoteza masalia ili apate fedha za sare ya mdogo wake. Tulipokuwa tukirudi kutoka makaburini, mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Baba, wale waliotuachia shimo hili hawakuwa watu wabaya. Walitupatia madawati ishirini." Hakulalamika. Alinena kama mtu anayewaombea wenzake radhi. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyetufundisha kuhesabu namna hii: madawati upande mmoja, kaburi upande wa pili, na hesabu ikahesabika kuwa imefungwa.

1. Mawe yaliyo chini ya miguu yetu

Wataalamu wa miamba wanalitaja jina letu pote duniani. Mkanda wa miamba unaopita kwetu na kuenea hadi Uganda, Rwanda na Burundi wanauita mkanda wa Karagwe na Ankole. Ndani yake mna bati, na katika Wilaya ya Kyerwa, iliyozaliwa kutoka Karagwe mwaka 2012, bati limechimbwa tangu enzi ya utawala wa Mwingereza. Wengi husikia neno bati wakafikiri paa la nyumba. Bati tunalolichimba ni madini yanayolehemu nyaya na vipande vidogo ndani ya redio, simu na kompyuta, na yanayopakwa ndani ya makopo ya vyakula. Hakuna simu katika mfuko wa mwamini yeyote isiyohitaji chembe ya madini ya namna hii.

Basi tuulize bila woga: ardhi iliyotoa mali kwa miaka mingi hivyo imebaki na nini? Anayechimba kwa sururu na kuosha mawe kwa karai mara nyingi hajui bei ya bati lake huko duniani, wala hana chombo cha kupima ubora wake. Mwenye kununua ndiye mwenye mizani, na mwenye mizani ndiye mwenye neno.

2. Taarifa nzuri na jicho la kijiji

Siku hizi kampuni kubwa za madini hutoa kila mwaka kitabu kiitwacho taarifa ya maendeleo endelevu. Humo husomwa habari za miti iliyopandwa, visima vilivyochimbwa na wafanyakazi waliofundishwa usalama. Desturi hii haikuzaliwa kwa bahati. Mwaka 1989 meli ya Exxon Valdez ilimwaga mafuta katika bahari ya Alaska, dunia ikakasirika, na mwaka 1997 huko Boston, Marekani, ukaanzishwa mpango wa kuweka kanuni za taarifa hizo, uitwao Global Reporting Initiative. Lengo lilikuwa jema: kampuni iwajibike kwa wote inaowagusa, na siyo kwa wenye hisa peke yao.

Lakini anayeandika taarifa hiyo ni yule yule anayepimwa nayo. Mwanafunzi akitunga mtihani wake, akaufanya na kuusahihisha mwenyewe, hata akipata alama mia tutamsifu kwa tahadhari. Tena taarifa hiyo huandikwa kwa lugha ambayo mama wa Murongo au Kaisho haisomi, na husomwa na watu ambao hawatakunywa maji ya kijito chake. Mama huyo, ambaye alifahamu rangi ya maji kabla ya uchimbaji na anaifahamu leo, ni shahidi asiyeitwa.

Sheria za mataifa ya mbali nazo zina mipaka. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria inayozitaka kampuni zake kueleza kama bati na madini mengine matatu wanayotumia yametoka Kongo au nchi zinazopakana nayo, na Tanzania imo. Desemba mwaka huo huo wakuu wa nchi za Maziwa Makuu walikutana Lusaka na kukubaliana kuzuia uporaji wa maliasili. Sheria ya Ulaya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Yote haya ni mema, kwa sababu damu ya ndugu zetu wa Kongo ina thamani mbele ya Mungu. Lakini kiini cha sheria hizo ni bunduki. Shimo lililoachwa wazi katika nchi yenye amani halikuwa shabaha yao. Hilo limeachwa kwetu.

3. Zawadi na deni

Hapa ndipo kosa letu kubwa lilipo. Tumelichanganya deni na zawadi. Anayemwaga uchafu kisimani kwa jirani anadaiwa kukisafisha. Akimletea jirani kitenge, amefanya wema, na kisima bado kichafu. Mafundisho-jamii ya Kanisa, tangu Papa Leo wa XIII alipotoa waraka wake juu ya wafanyakazi mwaka 1891, yanasimamia jambo hilo: kinachodaiwa kwa haki hakiwezi kutolewa kwa jina la huruma. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, aliwanukuu maaskofu wa Patagonia huko Argentina walioeleza jinsi kampuni zinavyoondoka na kuwaachia wenyeji mashimo, mito michafu na ukosefu wa kazi. Maaskofu wale wako upande wa pili wa dunia, lakini mzee wa makaburini angewaelewa mara moja.

Mkumbuke pia habari ya Naboti. Mfalme Ahabu hakuanza kwa upanga. Alianza kwa ahadi nzuri: shamba lililo bora zaidi, au fedha taslimu. Mtu wa leo angesema ni fidia ya haki. Ubaya ulidhihirika pale Naboti aliposema hapana, kwa maana hapana yake haikukubalika. Kwa hiyo, tukiambiwa kwamba wananchi walishauriwa kabla ya mradi, tusiulize tu kama mkutano ulifanyika. Tuulize kama mtu angeweza kukataa katika mkutano huo na kurudi nyumbani kwa amani.

4. Sheria ipo mikononi mwetu

Wapo watakaosema Padre anaingilia siasa. Nawakumbusha kwamba mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA, walitoa taarifa ya uchunguzi iliyoonesha kwamba taifa halikufaidika na dhahabu yake ipasavyo. Mwaka 2017 Bunge lilirekebisha Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Kuuliza juu ya mali ya taifa ni wajibu wa raia, na mwamini ni raia.

Sheria hiyo iliyorekebishwa, katika kifungu cha 105, inamtaka mwenye haki ya madini aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, akubaliane na halmashauri, na kufuata vipaumbele vya jamii inayomzunguka katika mazingira, uchumi, maisha ya watu na utamaduni. Halmashauri nayo inatakiwa kuandaa mwongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi juu ya miradi hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi ya hatari, na uchimbaji wa madini ni mojawapo. Sheria ya mwaka 2015 juu ya uwazi na uwajibikaji katika madini, mafuta na gesi inataka kampuni na Serikali zitangaze kilicholipwa na kilichopokewa.

Ni waamini wangapi waliowahi kuuona mpango wa kifungu cha 105 ukisomwa katika mkutano mkuu wa kijiji? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lipo kisheria. Halijafunguliwa mbele yetu kwa sababu hatujaliomba.

5. Tujikosoe nasi

Nisingekuwa mkweli kama ningeinyoshea kidole kampuni peke yake. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania tu. Kwa hiyo mashimo mengi ya wachimbaji wadogo yamechimbwa na mikono yetu, na baadhi ya wenye mikono hiyo hupokea Ekaristi Jumapili. Wapo wanaowatoa watoto shuleni wakabebe mawe. Wapo wanaovusha bati usiku ng'ambo ya mpaka, kisha wakalalamika kwamba zahanati haina dawa. Mwaka 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na ile ya zuio, na masoko ya madini yakaanza kufunguliwa nchini. Kama njia halali imerahisishwa, kisingizio chetu kimepungua.

Wapo pia viongozi wa vijiji, na pengine wa parokia, wanaopokea bahasha kabla ya mkutano. Padre naye hayuko salama. Kampuni inayochangia ujenzi wa kanisa inaweza kuununua ukimya wa mimbari bila kutamka neno. Mchango wa namna hiyo ukija, usomwe hadharani, na mashimo yaulizwe siku hiyo hiyo.

6. Kazi iliyo mbele yetu

Majirani zetu wa Ngara wana mradi mkubwa wa nikeli wa Kabanga, ambao mkataba wake ulitiwa saini tarehe 19 Januari 2021 na kuipa Serikali asilimia 16 ya hisa. Madini ya mkanda wetu yanatafutwa na dunia kwa ajili ya betri na vyombo vya umeme, na wageni wengine watakuja. Wakija, watukute tumejiandaa. Hatuwachukii. Tunataka wapimwe kwa kipimo tulichokishika sisi.

Kwa hiyo naziomba jumuiya zote za Karagwe na Kyerwa zijadili maswali haya, na majibu yaletwe kwa kamati ya Haki na Amani ya parokia kwa maandishi:

(a) Katika eneo letu kuna mashimo mangapi yaliyoachwa wazi? Nani aliyachimba, na nani anapaswa kuyafukia?

(b) Vijito gani vimebadilika rangi au kupungua tangu uchimbaji uanze?

(c) Je, mpango wa mwaka huu wa wajibu kwa jamii umesomwa katika mkutano mkuu wa kijiji? Kama bado, nani ataomba usomwe katika mkutano ujao, na nani atamsindikiza ili asiwe peke yake?

(d) Ni watoto gani wa jumuiya yetu walio machimboni badala ya shuleni, na tutawarudishaje?

Kazi ya swali la kwanza ianze mwezi huu. Waende watu wawili wawili, wazee wakiwaongoza vijana, wahesabu na kuandika. Na pale panapokuwa na shimo wazi karibu na njia ya watoto, wasisubiri jibu la mtu. Wakate miti, waweke uzio siku hiyo hiyo, kisha wamdai gharama aliyelichimba.

Mungu, aliyetukabidhi ardhi hii tuilime na kuitunza, atusaidie kuitolea hesabu.