Chanjo ya mbwa Mvumi isisubiri Krismasi

Ndugu zangu wa Mvumi Misheni, Mvumi Makulu, Handali, Idifu na Iringa Mvumi.

Sikukuu zinakuja na wageni. Watoto wetu walioko Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mjini watarudi na wajukuu wasiojua mbwa wa babu haguswi wakati gani. Watamkuta anakula, watamvuta mkia. Mbuzi watachinjwa, na harufu ya damu itakusanya mbwa wa kitongoji kizima kwenye ua mmoja, wang'atane. Usiku wa kuamkia mwaka mpya vijana watapiga fataki, na mbwa aliyeshtuka atakimbilia kusikojulikana. Mvua nayo itakuwa imeanza, nusu ya familia iko shambani kupanda uwele na karanga, na nyumbani hakuna wa kumwangalia. Sioni kipindi kingine cha mwaka ambacho mbwa na watu wasiojuana wanachanganyika kiasi hiki.

Ombi langu ni hili: Novemba isiishe kabla kila kitongoji hakijachanja mbwa wake wote dhidi ya kichaa cha mbwa kwa siku moja. Na paka pia, maana naye huumwa kichaa, na ndiye anayelala na watoto.

Nasema siku moja kwa sababu ya chupa. Chanjo ya mbwa ya kichaa mara nyingi huja katika chupa ya dozi kumi, na chupa ikishafunguliwa haiwekwi hadi wiki ijayo. Mwite afisa mifugo kwa mbwa wako mmoja, atakwambia usubiri wenzako, la sivyo dozi tisa zimwagwe. Hapo ndipo wengi wetu tunapoahirisha, kisha tunasahau. Tukijiandikisha kumi kwa balozi wa nyumba kumi, kikwazo hicho hakipo tena.

Nasema wote kwa sababu ya namna ugonjwa unavyotembea. Wataalamu wameona kwamba mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa, kichaa hukosa pa kupita, kikafa chenyewe. Wakichanjwa watatu, wenye mbwa hao wametoa pesa zao na ugonjwa bado unazunguka. Mbwa wako akichanjwa peke yake amepona yeye, lakini mwanao akienda kuchota maji hukutana na wa jirani.

Na Novemba? Kinga huhitaji kama wiki tatu hadi nne ili ijengeke. Mbwa anayechomwa sindano tarehe 23 Desemba bado yuko wazi wageni wakiwa mezani. Watoto wa mbwa nao waletwe, hata wale wa wiki chache. Wengi huwaacha nyumbani wakidhani bado wadogo, ilhali ndio wanaobebwa na watoto kutwa nzima.

Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Watafiti waliokadiria vifo vya Tanzania mwaka 2002 walipata karibu 1,500 kwa mwaka, wengi wao watoto, na wengi zaidi vijijini. Ajabu ni kwamba dawa ya kuzuia ipo tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja huko Paris mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa, naye akapona. Kinachotushinda ni kujipanga.

Kuna watakaosema tuwaue tu mbwa wanaozurura. Imejaribiwa sehemu nyingi. Ukiwaua leo, wengine wanakuja kushika nafasi yao, hawajachanjwa hata mmoja, na huenda umeua waliokuwa tayari na kinga. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 nayo haikubali mnyama ateswe, na mbwa wa marungu na sumu hafi vizuri.

Siku zenyewe za sikukuu, mbwa afungiwe ndani ya boma usiku, apewe maji. Kamba ya kutwa nzima siipendi, humfanya mbwa mkali. Mifupa ya kuku iliyopikwa itupwe shimoni, kwani huvunjika vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Sumu ya panya isiachwe kandokando ya ghala; paka anayekula panya aliyekufa kwa sumu hufuata njia hiyohiyo. Mjukuu afundishwe siku ya kwanza kabisa: usimguse mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto.

Mbwa akiuma mtu, sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Hakuna majivu, hakuna pilipili, hakuna mafuta ya taa. Mbwa huyo asiuawe kwa hasira, ikiwezekana kumfungia salama. Aangaliwe siku 10, maana akibaki mzima muda huo, daktari anajua hakuambukiza kwa meno yale.

Kuhusu kushiriki wote, wazee wa Mvumi mnakumbuka mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulipoamuru mifugo yote iondoke ili ardhi ipone. Iliuma, na sisemi amri ile ilikuwa na haki kwa kila mtu. Lakini mliona wenyewe: palipoachwa kweli, majani yalirudi; palipoingizwa mbuzi usiku kwa siri, korongo liliendelea kula udongo. Safari hii hatuombwi kutoa mnyama hata mmoja. Tunaombwa kila nyumba imlete wake, bila ya kusukumwa na mtu kutoka nje.

Basi mkutano wa kitongoji ujao, mtu anyooshe mkono kabla ya mengineyo na amwombe mwenyekiti atangaze siku. Mabalozi waandike mbwa na paka kila nyumba, orodha ipelekwe kwa afisa mifugo wa kata ajue aagize chupa ngapi. Wachungaji, makatekista na maimamu watangaze Jumapili na Ijumaa mbili mfululizo. Mjane asiye na pesa achangiwe dozi na majirani zake kumi. Siku yenyewe tuanze asubuhi, kabla jua halijawa kali, na kila mbwa aje na kamba pamoja na yule mtoto wa nyumbani ambaye mbwa humsikiliza.