MLANGO UMEFUNGWA KWA NJE

Wanachama wenzetu, safari hii tunakuchukueni mbali na pwani yetu, mpaka Kigoma na Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wako watakaouliza: sisi watu wa visiwani tuna nini na skuli za Kigoma? Tunayo mengi. Ujiji ni mji uliokuzwa na misafara iliyotoka Unguja, na mtihani wa Kidato cha Nne anaoufanya mtoto wa Ujiji ndio huo huo anaoufanya mtoto wa Wete. Na sisi tuliozika watu wetu wa Spice Islander mwaka 2011, na mwaka uliofuata tukazika wa Skagit, tunajua vyema nini maana ya wakubwa wanaohisabu maiti kabla ya kuhisabu maboya.

Mas-ala yenyewe ni haya. Juni 1994, katika skuli ya wasichana ya Shauritanga, Rombo, moto uliwaua wanafunzi wapatao 40 kwa usiku mmoja. Agosti 2009 ikaungua dakhalia ya Idodi, Iringa, wakafa wasichana 12, na chanzo kilichotajwa ni mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akidurusu. Jirani zetu wa Kenya nao waliyaona ya Bombolulu, Machi 1998, wasichana 26. Kisha Kyanguli, Machi 2001, wavulana 67, ambako mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa na kufuli na madirisha yalitiwa nondo. Baina ya Shauritanga na Idodi ni miaka 15. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa msiba wa kwanza alikuwa na umri wa kusoma Sekondari ulipotokea wa pili. Tunauliza: katika miaka yote hiyo, mtoto huyo alibadilishiwa nini, mlango au rambirambi?

Tunaambiwa kufuli ni kwa ajili ya usalama: wasichana wasitoke, wahuni wasiingie. Hoja hii hatuidharau, na mzazi yeyote mwenye binti ataifahamu. Lakini mlango unaomzuia mwizi si lazima umzuie mwenye nyumba. Liko komeo la ndani, na yuko mlezi awezaye kulala chini ya paa hilo hilo, ufunguo shingoni. Kufunga watoto kwa nje kisha mwenye ufunguo akaenda kulala kwake, hiyo haiitwi hifadhi. Mfungwa wa jela walau ana askari anayekesha mlangoni.

Sasa itazameni Kigoma. Ni Mkoa ulioishi miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, ukiwashiwa taa kwa majenereta ya mafuta. Mahali kama hapo mshumaa na koroboi vilikuwa ndiyo njia ya kupata daraja la kwanza. Tena si kila mwanafunzi anayelala dakhalia. Skuli za Sekondari za kata zilipozidi, nyingi hazikuwa na pa kulaza watoto, na wale wa kutoka mbali wakapanga vyumba mitaani, wenyewe wakaviita mageto. Huko hakuna mlezi wala mkaguzi, na mtoto wa miaka 14 anapika, anasoma na kulala katika chumba kimoja. Likitokea la kutokea, Serikali itasema halikutokea skuli!

Na moto si khatari pekee. Januari 2025 radi iliwaua wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, Bukombe, katika Mkoa wa Geita. Kigoma nako mvua huja na radi hizo hizo, na fimbo ya chuma ya kuipeleka radi ardhini ni kitu kilichojulikana tangu karne ya 18. Na ardhi yenyewe haikutulia. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilianzia katika Ziwa Tanganyika, na nyumba zikaanguka Kalemie, upande wa Kongo. Tarehe 10 Septemba 2016 likaja la Kagera, likaziharibu vibaya Ihungo na Nyakato, skuli kongwe za Serikali zenye dakhalia. Lilipiga alasiri ya Jumamosi. Lingepiga usiku wa manane, watoto wamelala nyuma ya milango iliyofungwa, tungekuwa tunaandika khabari nyingine.

Kisha kuna kujitegemea. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, ilibidi wahamishwe kwa Liemba, meli iliyoundwa na Wajerumani mwaka 1913, kwa kuwa hapakuwa na barabara ya gari. Basi kwa vijiji vya ziwani kama hivyo, kumwambia mwalimu apige simu zimamoto ni mzaha. Skuli iliyo mbali na gari la zimamoto lazima iwe na ndoo zake, mchanga wake, tangi lake la maji na watoto waliokwisha kuzoezwa kutoka gizani.

Wakubwa watajibu kwamba fedha hazipo. Kuondoa kufuli kunagharimu shilingi ngapi? Kutoboa mlango wa pili ni kazi ya fundi kwa siku chache. Zoezi la kutoka nje kila muhula linataka kengele na nusu saa. Sheria hazikukosekana: ipo ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na ipo ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, yenye kamati zake toka Mkoa hadi kijiji.

Tunachotaka ni kwamba ripoti ya ukaguzi wa kila dakhalia ibandikwe mlangoni pa ofisi ya Mkuu wa Skuli, mzazi akija aisome: mkaguzi alifika lini, aliona kasoro gani, nani aliamrishwa kuirekebisha na kwa tarehe ipi. Na chini ya karatasi hiyo liandikwe jina la mtu mzima anayelala na ufunguo.