UFUNDI WA NYUMBANI: Bolti Zilizofichwa Katika Mashua ya Zamani

Kutoka kambi ya polisi ya Naguru hadi gati la Port Bell si safari ndefu. Si ajabu, basi, askari anayestaafu akikitumia kiinua mgongo chake kununua mashua ya uvuvi iliyokwisha kutumika, na jamaa yake wote wakaitegemea. Taabu huanza siku ile pete ya chuma iliyo omoni, inayofungwa kamba ya nanga, inapoonekana imelegea.

Wengi hushika mtaimbo wakaing'oa. Hilo ni kosa kubwa. Pete haishikwi na kile kinachoonekana: mguu wake ni bolti inayopenya gubeti, na nati imekaa ndani, nyuma ya mbao zilizofunikwa chini ya sitaha ndogo. Mbao hizo nazo zimekazwa kwa parafujo ambazo vichwa vyake vimezamishwa na kuzibwa kwa vizibo vya mti, kisha vikapakwa rangi mwaka baada ya mwaka. Mafundi wa zamani walipenda kazi isiyoonyesha chuma.

Rangi ikwanguliwe, na ubao upanguswe kwa kitambaa chenye maji. Vizibo vitajitokeza kama miviringo midogo, kwa kuwa nyuzi zake hazifuatani barabara na nyuzi za ubao. Visichimbwe kwa patasi, maana kingo za tundu zitavunjika. Kila kizibo kitobolewe katikati kwa keekee nyembamba, kisha itiwe parafujo ndogo. Ncha yake ikigusa chuma kilicho chini, kila mzunguko wa bisbisi hukiinua kizibo chenyewe. Watoto wa nyumbani huipenda sana kazi hii.

Nati ikionekana, isilazimishwe siku hiyo. Isuguliwe kwa brashi ya waya, itiwe mafuta mepesi ya mashine, ilale usiku kucha. Kesho yake mmoja azuie pete kwa nje, mwenzake atumie spana ndani. Ikikataa, ikatwe kwa msumeno wa chuma. Moto usitumiwe, kwani mashua ya uvuvi haikosi petroli.

Bolti ikishatoka, itazamwe katikati. Mara nyingi ncha zote mbili huwa nzima, lakini kiuno kimeliwa na kutu mahali maji yalipotuama. Bolti ya namna hiyo ikikatika usiku wa dhoruba, wavuvi huachwa wakichukuliwa na mawimbi wasijue waendako. Tundu nalo lichomwe kwa ncha ya kisu. Mti ukiwa mweusi na laini, bolti mpya haitashika, na hapo aitwe fundi wa mashua aubadilishe ubao kwanza.

Kwa maji baridi ya Ziwa Victoria, bolti ya chuma iliyopakwa zinki yafaa kabisa. Ile ya chuma kisichoshika kutu hung'aa dukani, lakini ikifungiwa ndani ya mti mbichi bila hewa huweza kuliwa vishimo visivyoonekana. Chini ya nati kiwekwe kipande kipana cha chuma, naye fundi apake lami tunduni kabla ya kukaza.

Mbao za ndani zinaporudishwa, vizibo visirudishwe. Afadhali zaidi kukata kidirisha chenye kifuniko, ili mwenye mashua aweze kuitazama nati yake kila mwezi pasipo kubomoa kitu.