AJALI YA SPRINGI INA KINGA

Ndugu wafanya kazi wa gereji,

Wako wasemao kwamba ajali haina kinga. Neno hili twalisikia kila mara ndugu yetu avunjikapo taya au aunguapo uso, na mwepesi wa kulisema ni yule ambaye vyombo vyake ndivyo vilivyokosekana. Sisi twasema kwamba katika kazi mbili, ya springi na ya kabureta, kinga ipo na yajulikana. Linalobishaniwa ni nani ailipe.

Kazi hizi zingaliko Migori na Homa Bay. Peugeot 504, gari lililoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1968 na kushinda mbio za Safari mwaka 1975 na 1978, lilibeba watu, samaki na mahindi katika nchi yetu miaka mingi. Yaliyosalia, pamoja na Land Rover za kale, huja kwetu yakiwa yamechoka. Vijana waliojifunza kwa magari mapya yasiyo na kabureta hupewa kazi hizo bila kuonyeshwa hatari yake.

Tuanze na springi. Mbele ya 504, springi ya mviringo imebanwa juu ya shokabzoba. Hata gurudumu likining'inia, springi hiyo bado ina nguvu nyingi ndani yake. Nati ya juu ikifunguliwa kabla springi haijabanwa, springi huruka na kumpiga aliyeinama. Kamba na waya si vibano. Yatakiwa vibano vya skrubu vilivyoundwa kwa kazi hiyo, kimoja kila upande, vikazwe kwa zamu, kidogo kidogo.

Kwa springi za vyuma bapa, gari lisimamishwe juu ya stendi za chuma chini ya chesisi, na jeki nyingine ishike ekseli. Bolti ya katikati isitolewe mpaka vyuma vyote vibanwe kwa jiriwa. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulala chini yake. Na matofali hupasuka bila kutoa hodi.

Sasa kabureta. Waya hasi wa betri ufunguliwe kwanza, injini ipoe, mpira wa petroli uzibwe, na mchomeleaji wa jirani aombwe kusimamisha kazi. Mdomo wa manifoldi uzibwe kwa kitambaa safi nati isije ikaangukia ndani, na kitambaa kitolewe kabla ya kufunga kabureta mpya kwa gasketi mpya. Kabla ya kupiga stata, tukanyage mafuta na kuachilia. Kisahani cha ndani kisiporudi chenyewe, gari litakimbia dereva asitake.

Twapinga kabisa desturi ya kumwambia kijana amwage petroli katika mdomo wa kabureta huku mwenzake akipiga stata. Injini ikikohoa, moto huruka hadi kwenye kopo alilolishika. Twapinga pia kuvuta petroli kwa mdomo. Madini ya risasi yaliondolewa katika petroli ya Kenya mwaka 2006, lakini benzeni ingalimo, nayo huleta saratani ya damu. Na petroli ikiingia mapafuni yaweza kuua.

Wenye gereji hutujibu kwamba biashara ni ndogo na vibano ni ghali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikusema hivyo. Yamtaka mwajiri atoe vyombo na mafunzo ya usalama, wala asikate mshahara kwa ajili yake. Yamruhusu mfanya kazi aonaye hatari kubwa ya karibu aripoti na kuondoka mahali hapo, na asilazimishwe kurudi mpaka hatari iondolewe. Na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka mwajiri akate bima.

Lakini sheria haitembei yenyewe mpaka chini ya gari. Fundi mmoja akikataa, aweza kuambiwa aende nyumbani, na mwingine aitwe kushika spana yake. Wote wakikataa, mwenye gereji atanunua vibano kabla ya jioni, kwa kuwa mwenye gari angojea nje.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, asiwepo mwanachama atakayefungua springi bila vibano wala kulala chini ya gari lisilo na stendi. Pili, mafundi wakubwa waache kumcheka kijana aombaye vyombo, wamfundishe. Tatu, ndugu wanaofanya kazi kivyao kando ya barabara, wasio na mwajiri wa kudaiwa, wachange pamoja, banda tatu au nne, wanunue vibano na stendi za kuazimana.

Kabureta mpya hupatikana dukani. Jicho halina duka. Mwenye gereji akituambia tena kwamba ajali haina kinga, tumwulize sote kwa pamoja: vibano viko wapi?