Tairi la ndege likilika upande mmoja, usikimbilie dukani

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu. Hapa Kanyakine mwenye Probox akiona tairi limelika upande mmoja, anakimbilia alaimenti. Zile Cessna zinazoleta watalii Mulika, ndani ya Mbuga ya Meru, nazo hulika hivyo hivyo, lakini mara nyingi chanzo si kile cha gari.

Chukua Cessna 206. Miguu yake mikuu miwili ni springi ya chuma, haina shokabsoba. Ikiwa hewani miguu hiyo haina uzito, kwa hiyo inajivuta chini na ndani, na magurudumu yanakaa kama ya mtu mwenye matege. Mwenye matege huisha soli upande gani? Wa nje! Ndege ikigusa uwanja, ukingo wa nje unatangulia, tena gurudumu halijaanza kuzunguka, basi mpira unasagwa. Ukiipakia hadi karibu na kilo 1,633, ambao ndio uzito wake wa juu wa kuruka, miguu inatanuka na tairi linakanyaga sawasawa. Ndiyo maana ndege inayotua mara nyingi ikiwa tupu hulika nje zaidi. Hapo fundi hana kosa.

Upepo ukipungua, kingo zote mbili zinakwisha. Ukizidi, ni katikati. Kipara cha mahali pamoja tu ni breki iliyofunga gurudumu.

Sasa maoni yangu. Wengi hulitoa tairi, wakaligeuza kwenye rimu ili upande mzima ukae nje. Inaruhusiwa, na inaokoa pesa, mradi nyuzi hazijaanza kuonekana. Lakini kugeuza bila kuuliza ni kama kuzima na kuwasha seva bila kusoma logi (nimefanya sana, msinicheke). Matege ni ya miguu yote miwili. Likilika la kushoto peke yake, hayo si matege: huenda ekseli au mguu umepinda baada ya kutua kwa kishindo, na ukiligeuza umefuta ushahidi. Tairi likipasuka ndege ikiwa mbioni, inavutwa upande huo, nje ya uwanja, na abiria wamo.

Kwa hiyo kabla ya kufungua nati hata moja, chukua chaki: andika kushoto au kulia, na upande upi ulikuwa nje. Kisha pima upepo.